Walima Zabibu na Watoto wa Mtaani

Jina la utani la klabu ya Dodoma Jiji ni Walima Zabibu, na anayelijua shamba la zabibu hulisikia akatabasamu. Mzabibu una masharti yake. Mkulima wa Hombolo au Makutupora akishapanda, humwagilia, hufunga waya, hupogoa, kisha hungoja. Mwaka wa kwanza hauna mavuno. Shamba likishakomaa ndipo humlipa, tena mara mbili kwa mwaka. Klabu ya Ligi Kuu haina subira hiyo. Kocha akipoteza mechi nne mfululizo, ya tano huenda akaitazama sebuleni kwake.

Swali la soka la Dodoma limekaa hapo, kati ya subira ya shamba na haraka ya msimamo wa ligi. Mkoa una watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, na jiji peke yake lina 765,179, karibu mara mbili ya wale 410,956 waliohesabiwa mwaka 2012. Kuna Uwanja wa Jamhuri katikati ya mji. Kuna klabu ya Ligi Kuu inayomilikiwa na halmashauri ya jiji lenyewe. Kuna watoto wanaocheza kila jioni mpaka giza liwafukuze. Mbona basi njia ya kumtoa mtoto wa mtaani na kumfikisha kwenye jezi ya timu ya mji wake haionekani?

Anayetaka kuwaona vijana wenyewe asianzie Jamhuri. Aende kiangazi, saa kumi na moja jioni, kwenye kiwanja cha shule ya msingi yoyote ya Chang'ombe, Nkuhungu, Nzuguni au Area D. Upepo wa Dodoma unavuma kutoka upande mmoja, kwa hiyo timu iliyopewa mgongo wa upepo kipindi cha kwanza hukimbilia kufunga kabla ya kubadilishana magoli. Goli ni miti miwili na kamba. Mpira umekwaruzwa na changarawe mpaka rangi haitambuliki. Wenye daluga ni wachache, na si ajabu kukuta ndugu wawili wamegawana jozi moja: anayepiga kwa mguu wa kulia kavaa ya kulia, wa kushoto kavaa ya kushoto, mguu wa pili umebaki na soksi tu. Pasi zao hazikosei mtu.

Jumamosi hali hubadilika. Pembeni amefungwa mbuzi, maana kombe ni la mbuzi, na mtaa ulioapa kwamba mbuzi huyo lazima alale kwao umeshaleta mamluki. Kuna jamaa wa timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, aliyerudi kusalimia wazazi, kuna askari wa kambi ya jirani, kuna winga aliyetumiwa nauli kutoka Morogoro. Kijana wa miaka 15 aliyefanya mazoezi wiki nzima anakaa benchi, au tuseme anakaa kwenye tofali. Mbuzi akishachinjwa hakuna atakayekumbuka nani alikaa kwenye tofali. Lakini kinachotokea pale hujirudia ngazi kwa ngazi, kutoka ligi ya wilaya mpaka Ligi Kuu: kila timu inataka ushindi wa leo, na mchezaji aliyekwisha kuiva ni rahisi kumchuma kuliko kumwotesha.

Tanzania ina namna yake ya soka la nusu kulipwa, na chimbuko lake ni ajira kabla ya mikataba. Kijana mwenye kipaji alichukuliwa na shirika, wizara au jeshi. Asubuhi aliripoti kazini, jioni mazoezini, na siku alipotundika daluga kazi ilibaki. Tanzania Prisons na JKT Tanzania bado zinaishi kwa mizizi hiyo. Dodoma nayo ilikuwa na timu za aina hiyo: CDA, iliyobeba jina la mamlaka ya ustawishaji makao makuu, timu iliyoitwa Waziri Mkuu, na baadaye Polisi Dodoma. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na hata mpira wake ulikuwa na mwajiri.

Mfumo huo ulikuwa na fadhila isiyosemwa sana. Beki wa miaka 19 aliyelipwa mshahara na taasisi hakuhitaji kung'ara msimu mmoja ndipo ale. Alikuwa na muda wa kukosea. Kasoro yake ni kwamba mchezaji alikuwa mtumishi kwanza, na mtumishi huhamishwa; timu iliyoitwa ya Dodoma ingeweza kujaa watu wa Iringa na Mwanza waliopangiwa kituo. Isitoshe, timu ya taasisi huishi kadiri taasisi inavyotaka. CDA, mamlaka yenyewe, ilivunjwa Mei 2017, na eneo lote likakabidhiwa manispaa ambayo mwaka uliofuata ikapandishwa kuwa jiji.

Dodoma Jiji ni mtoto wa zama hizo mpya. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020 chini ya kocha Mbwana Makata na kuanza kucheza msimu wa 2020/21. Mmiliki wake ni halmashauri, kama ilivyo kwa KMC ya Kinondoni na Mbeya City. Kwa hesabu ya haraka hii ingepaswa kuwa ndoa nzuri. Halmashauri ndiyo yenye shule za msingi na sekondari, ndiyo yenye maofisa utamaduni na michezo, na mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISETA, huanzia kwenye shule zake kabla ya kufika mkoani na taifani. Hakuna mmiliki wa klabu nchini, hata mwenye fedha nyingi namna gani, anayekutana na watoto wengi kiasi hicho kila siku ya kazi.

Ukiisoma orodha ya usajili, hata hivyo, utakuta sura ileile ya klabu nyingine za katikati ya msimamo: mshambuliaji aliyepita klabu kubwa, kiungo wa mkopo, wageni kadhaa, wazoefu waliozunguka timu nne au tano. Kuwalaumu viongozi kwa hilo ni rahisi mno. Ligi ina timu 16 na mechi 30, na kushuka daraja ni aibu inayojadiliwa hadi kwenye baraza la madiwani, ambako daima kuna mtu wa kuuliza kwa nini fedha za makusanyo zinakwenda kwenye mpira wakati zahanati ya kata yake haina paa. Kiongozi aliyebanwa namna hiyo hawezi kumpa kijana wa Mkonze dakika 90 ili ajifunze. Humpigia simu wakala.

Nao mfano wa Mbeya City unatisha kadiri unavyotia moyo. Msimu wa 2013/14, wa kwanza wao Ligi Kuu, kocha Juma Mwambusi aliingia na vijana ambao mashabiki wa Dar es Salaam hawakuwajua hata kwa majina, akamaliza nafasi ya tatu. Mji mzima ulivaa zambarau. Kisha klabu kubwa zikapanda Mbeya na mifuko. Deus Kaseke, kwa mfano, akatua Yanga mwaka 2015. Mbeya City haikuwa na kikosi cha pili cha kuziba mapengo kwa kasi ileile, na mwaka 2023 ikashuka daraja. Kwa hiyo kupata kizazi kimoja cha vijana wazuri kunawezekana, hata kwa halmashauri. Kizazi cha pili ndicho kinachohitaji mfumo.

Fedha zipo zaidi kuliko zamani. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini haki za matangazo ya Ligi Kuu kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu mwaka huohuo. Lakini matumizi nayo yamekua, na Dodoma, kwa kukaa kwake katikati ya nchi, iko mbali na karibu kila mtu. Safari ya Ruangwa kucheza na Namungo hula siku nzima barabarani kwenda na nyingine kurudi. Februari 2025, timu ikitoka kwenye mechi hiyo, basi lake lilipata ajali mkoani Lindi; wachezaji na viongozi waliumia, na mechi iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Nauli, hoteli, posho na matibabu vikishalipwa, kikosi cha vijana huwa ndicho cha mwisho kwenye foleni. Kanuni za leseni za klabu zinadai timu ya vijana, na timu ya vijana huwepo. Kuwepo kwa ajili ya karatasi na kuwepo kwa ajili ya kuzalisha mchezaji ni mambo mawili.

Mlangoni pia hakuna ukombozi mkubwa. Jamhuri hufurika Simba au Yanga wakija, na siku hiyo mwenyeji hugeuka mgeni kwake, maana nusu ya jukwaa imevaa nyekundu na nusu kijani na njano. Mechi na timu ya kawaida unaweza kuchagua kiti. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa, ila lazima kwanza kwao wajue kwamba ni wao. Shabiki wa Makole mwenye mpwa wake kikosini angelipa kiingilio hata dhidi ya timu inayoburuza mkia.

Ukitoka Dodoma kwa barabara kuelekea magharibi, saa chache unafika Singida, na huko jibu lilitafutwa kwa njia nyingine kabisa. Singida United ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na fedha za wadhamini, ikamwajiri Hans van der Pluijm, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar 3-2 jijini Arusha. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeshuka daraja. Ikaja DTB, timu iliyozaliwa benki, ikapanda mwaka 2022 na kuitwa Singida Big Stars; mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Halafu Ihefu, timu iliyokulia Mbarali mkoani Mbeya, ikahamia Singida na mwaka 2024 kuitwa Singida Black Stars. Mtoto wa Singida aliyezaliwa wakati Singida United inapanda ameshashangilia timu tatu kwenye uwanja mmoja, ule wa Namfua ambao sasa ni Liti.

Si haki kuzibeza klabu hizo. Zimeleta mpira mzuri mahali ambapo haukuwepo, na Black Stars imeonyesha inaweza kusumbua wakubwa. Ila klabu inayonunuliwa na kuhamishwa kama kontena haiwezi kuwa na mtoto wa miaka 12. Mtoto huyo anahitaji klabu ambayo itakuwa palepale atakapofikisha 18, na ikiwezekana ikiwa na jina lilelile.

Mafanikio makubwa zaidi ya kukuza vipaji Dodoma hayakutoka kwenye klabu ya halmashauri wala ya tajiri, na hayakuwa ya wavulana. Yalitoka shuleni. Aprili 2023, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Durban, Afrika Kusini, kwenye fainali za kwanza za bara zima za mashindano ya shule yanayoandaliwa na CAF, wakawafunga wenzao wa Morocco 3-0 na kurudi na kombe. Zawadi ilikuwa dola 300,000, takriban shilingi milioni 700 kwa thamani ya wakati ule, kwa ajili ya shule. Mji uliozoea kupokea misafara ya mawaziri ukapokea msafara wa wasichana wenye medali.

Siri yake haina uchawi. Shule ya bweni humlisha mchezaji, humlaza, humfundisha hesabu, na humpata uwanjani kila siku kwa miaka minne bila kumwomba mzazi nauli. Mzazi wa kijijini Chamwino au Kongwa anayesita kumwachia binti yake acheze mpira husita kidogo zaidi akisikia kuna cheti cha kidato cha nne mwisho wa safari. Na mwalimu hana mechi 30 za kuokoa kibarua chake, ana muda. Juu ya shule ikajengwa timu ya wakubwa, Fountain Gate Princess, kwenye ligi ya wanawake, ambako Dodoma imewahi kuwa pia na Baobab Queens. Msichana anayemaliza shule ana ngazi ya kukanyaga papo hapo mjini. Mvulana wa umri wake, mwenye mpira uleule mguuni, hana.

Hapo ndipo inafaa kutazama mbali kidogo, Kanada, nchi ambayo mpaka juzi soka lake lilikuwa la kujifurahisha majira ya joto. Mwaka 2014 katika jimbo la Ontario ilianza League1 Ontario, ligi ya nusu kulipwa ambamo wachezaji wengi ni wanafunzi na wafanyakazi, na klabu ni zilezile za mitaa zenye watoto kuanzia chini. Mojawapo, Sigma FC ya Mississauga, ilianzishwa 2005 na haina uwanja wa kutisha wala mashabiki maelfu. Cyle Larin, Tajon Buchanan na Richie Laryea wote walipitia huko, na wote watatu walikuwemo kwenye kikosi cha Kanada katika Kombe la Dunia la 2022. Klabu ndogo ya kitongoji kutoa watatu kati ya 26!

Ligi yao ya kulipwa ilipoanza mwaka 2019 ikaweka kanuni inayostahili kusomwa mara mbili. Kila klabu ililazimika kuwachezesha Wakanada wenye umri chini ya miaka 21 jumla ya dakika 1,000 kwa msimu, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 2,000. Kanuni inahesabu dakika za kucheza. Kukaa benchi hakuhesabiwi, na jina kwenye fomu halihesabiwi.

Hesabu hiyo ukiileta Ligi Kuu haina kitisho. Mechi 30, kila moja dakika 90, wachezaji 11: ni dakika 29,700 kwa klabu kwa msimu. Dakika 2,000 hazifiki hata asilimia 7. Ni kama kijana mmoja kucheza mechi 22 hivi, au wawili kugawana, tena wakati wenzake kumi ni wazoefu. Kanuni zetu zimekuwa zikihangaika zaidi na idadi ya wageni, 12 kwa kila klabu, na mjadala wa kila mwaka ni kuwaongeza au kuwapunguza. Nafasi anayoiacha mgeni si lazima aichukue kijana. Aghalabu huchukuliwa na Mtanzania wa miaka 32.

Wala Kanada si mwalimu wa kila kitu. Oktoba 2022 huko India, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wasichana wetu, Serengeti Girls wa kocha Bakari Shime, waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Kanada ikafungasha virago. Mpira wenyewe hatukupungukiwa.

Kinachopungua ni karatasi, na jambo hili huchosha kulisoma ndiyo maana halisomwi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi aliotimiza 23. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka baada ya hapo asilimia 0.5. Klabu ya Dodoma iliyomlea kijana kuanzia miaka 12 mpaka 17, kisha akaja kuuzwa huko mbele kwa dola milioni moja, ingepata dola 20,000. Kwa timu ya mtaani hizo ni jezi, mipira na nauli za miaka. Tangu Novemba 2022 kuna hata ofisi ya malipo jijini Paris inayofuatilia mgawo huo bila klabu ndogo kuajiri mwanasheria.

Ofisi hiyo hufuata usajili. Sasa fungua daftari la kocha wa mtaani, lile lenye jalada lililoloa jasho. Ukurasa wa kwanza una majina: Juma Mrefu, Bakari wa Mama Neema, Kipara, Masta, Chiku wa kota. Tarehe za kuzaliwa hazipo. Timu haijasajiliwa chama cha wilaya kwa sababu ada na fomu vilisubiri mfadhili. Kipara akiondoka kesho kwenda kituo cha Dar es Salaam, safari yake kwenye mfumo itaanzia Dar es Salaam, na miaka sita ya kocha huyo itakuwa haijatokea. Halmashauri inayotaka kuanza mahali isipotumia fedha nyingi ingeweza kuanzia hapo: ofisa michezo, kompyuta, vyeti vya kuzaliwa, na timu za vijana za kata zisajiliwe chini ya mwavuli wa Dodoma Jiji. Gharama yake haifikii mshahara wa mshambuliaji mmoja wa kigeni anayekuja kufunga mabao manne.

Matofali yanapendwa zaidi. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipozuru nchini aliahidi kuijengea Dodoma uwanja wa kisasa, na ahadi hiyo ikazungumzwa miaka mingi. Sasa Serikali yenyewe imeanza mradi wa uwanja wa Nzuguni, wa kuchukua watazamaji zaidi ya 30,000, wakati nchi ikijiandaa kuwa mwenyeji wa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Utapendeza. Viwanja vya shule vilivyo jirani yake vina changarawe ileile.

Na zile habari za Fountain Gate zina mkia wake. Timu ya wanaume ya jina hilo ilikuwa Dodoma, ikihangaika kwenye Championship, kabla ya wenye mali kuungana na Singida mwaka 2023. Ndoa ya Singida ilipovunjika, klabu ikabaki na jina la Fountain Gate na nafasi ya Ligi Kuu, na msimu wa 2024/25 makazi yake yakawa Babati, kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa mkoani Manyara. Ilipofika zamu yake ya kucheza na Dodoma Jiji hapa mjini, timu yenye jina la shule ya Dodoma iliteremka kwenye basi mbele ya Jamhuri na kuonyeshwa chumba cha wageni.